Ikiharibika, Aitwe Nani

Ninyi mnaokaa leo kwenye viti vyetu pale Bariadi mmeniandikia ujumbe wenye shikamoo mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni, nikajua hapa kuna jambo. Mnataka kukiondoa kile kisanduku cha "Ikiharibika, aitwe nani" kwenye kadi za saraka, kwa sababu mfano mpya wa kadi mlioletewa kutoka makao makuu hauna kitu kama hicho. Nkwimba aliyekibuni yuko Dodoma siku hizi, na mnasema mkipata baraka yangu mimi mkongwe, mtaendelea. Niliusoma ujumbe huo nikiwa jikoni. Nilifurahi mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Kazi ya Nkwimba ifutwe, na anayesema "sawa, futeni" niwe mimi!

Msishangae. Mimi Holo ni mtu wa wivu, na niliofanya nao kazi wanalijua hilo. Wapo wanaooneana wivu kwa ajili ya waume, wengine kwa ajili ya mashamba na nyumba za bati. Wangu ulikuwa wa kazi ya kuandika maelezo mafupi ya programu za simu na kompyuta. Mkitaka kucheka chekeni, lakini msome mpaka mwisho kabla hamjafuta chochote.

Kwa mlioajiriwa juzi, saraka ile ilianza kwa sababu watu wa mkoa huu walikuwa wanatengeneza kitu kilekile mara mbilimbili bila kujua. Kijana wa Nyashimo anahangaika na programu ya kutangaza bei ya samaki, kumbe Lamadi ipo nyingine inayofanya kazi hiyohiyo. Chama cha msingi cha pamba kinatafuta namna ya kuandikisha wakulima kwa simu, na chama jirani wanayo tangu msimu uliopita. Basi mradi wetu ukaweka mahali pamoja kwenye mtandao, kila programu ya jamii ikapewa maelezo yake: inaitwaje, inafanya nini, inatumia lugha gani, inakubali simu za namna gani, inahitaji mtandao au haihitaji, mmiliki ni nani. Wataalamu waliotutembelea waliyaita maelezo hayo metadata. Sisi tuliyaita kadi, kwa sababu mimi nilitokea masijala na sikuona haja ya neno jingine.

Kadi ina mambo yake. Mtengenezaji akiijaza mwenyewe, anajisifu. Anaandika "mfumo wa kisasa, rafiki, wenye ufanisi". Futeni yote hayo. Mwanamke wa kikundi cha maziwa hatafuti ufanisi, anatafuta "kuandika maziwa". Andikeni neno ambalo mtafutaji ataliandika akiwa na haraka na mtoto mgongoni. Hilo nililigundua mimi, si mtu mwingine yeyote, na naomba likumbukwe hivyo.

Halafu msiandike "haihitaji mtandao" kwa sababu mmeambiwa. Zimeni data, mjaribu. Nilikuwa na simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, na programu iliyokataa kufunguka kwenye simu ile haikupata kadi kwangu. Watengenezaji walinilalamikia hadi kwa mkuu wetu, Bwana Mabula. Mmoja alinipachika jina la Mama Kioo, akidhani ananitukana. Nasikia sasa mna mashine inayojaza kadi yenyewe kwa kusoma tangazo la mtengenezaji. Basi nayo mpeni simu yenye kioo kilichopasuka, tuone.

Nilikuwa malkia wa saraka ile kabla Nkwimba hajaja. Aliletwa na Bwana Mabula asubuhi moja, msomi kunizidi, mdogo kwangu kwa umri, kucha zake zimepakwa rangi ya zambarau. Alikuwa binti wa Lamadi, nyumbani kwao wanauza dagaa na sangara tangu enzi za bibi yake. Alipiga goti kidogo akaniamkia, "Shikamoo, dada Holo," nami nikaitikia marahaba huku nikimtafuta kasoro. Sikuipata siku hiyo. Nimeendelea kuitafuta hadi leo.

Wakati huo saraka niliipanga kwa wenye programu. Za makanisa peke yake, za shule peke yake, za zahanati, za wafugaji. Mpangilio safi wa kimasijala, kila faili na kabati lake. Kwaya moja ya Maswa ilikuwa na programu ya kuandika nani kaja mazoezini na nani kategea, na aliyetegea inamtumia ujumbe wa kumsuta. Nikaiweka kwenye Dini, ningeiweka wapi tena? Baadaye wakaja viongozi wa chama cha pamba, wanataka programu ya mahudhurio ya mikutano. Nikawaambia bado hatuna.

Nkwimba alikuwa anaandika mambo yake, hata hakugeuka. "Ipo ya kwaya, dada," akasema. "Si inaandika waliokuja na wasiokuja? Hao wa pamba wataacha kuimba tu."

Viongozi wa pamba wakacheka, Bwana Mabula akacheka, mimi nikacheka kwa meno tu. Kabla wiki haijaisha tukaambiwa tupange saraka nzima upya, si kwa wenye programu bali kwa kazi inayofanywa: kuandikisha, kukumbusha, kutangaza bei, kuhesabu. Aliyehamisha kadi nyingi ni mimi, maana kidole changu kilikuwa chepesi kuliko chake. Kila niliyoihamisha roho iliniuma, kwa sababu niliona wazi kwamba pale ilipokwenda ndipo ilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Angekuwa amekosea ningemvumilia vizuri sana, ningemletea hata chai.

Sasa nije kwenye kisanduku chenyewe.

Kabla ya hapo kadi ilikuwa na kisanduku cha "Mmiliki". Mfano wenu mpya nao ninaona unacho, na ndiyo maana naandika haya yote. Mimi nimezaliwa Ipililo, kwenye mji wa ng'ombe. Zizini kwa baba walilala ng'ombe wengi na si wote walikuwa wake, na wake wengine walilala kwenye mazizi ya rafiki zake. Wasukuma tuko hivyo. Unampa mtu ng'ombe akae naye, yeye ananywa maziwa na kupata samadi, wewe mali yako inakuwa mbali na ndugu wenye kuombaomba, na ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi. Kwa hiyo mgeni haulizi hawa ng'ombe ni wa nani. Akijisahau akauliza, anajibiwa "wapo hapa", na kama amelelewa, anaishia hapo na kuanza kuzungumzia mvua.

Mzee Ngasa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji upande wa Maswa. Kwenye chumba chake cha mbele, chini ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na kompyuta yenye programu ya chanjo. Wafugaji waliandikishwa humo na idadi ya mifugo yao, programu inapanga zamu za kuchanja pale joshoni, kisha inawatumia ujumbe wa kuwaambia siku yao. Programu safi kabisa. Nilikwenda mwenyewe kuijazia kadi.

"Mwadila, baba," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola."

Tukazungumza mvua, tukazungumza pamba, nikaletewa maziwa. Nikajaza jina, nikajaza lugha, nikajaribu kuzima data. Nikafika kwenye mmiliki. "Baba, na mwenye programu hii ni nani?"

Mzee akatazama nje, akakohoa. "Ipo hapa kwangu," akasema.

Niliona aibu kana kwamba nimechungulia chumbani kwa mtu. Nikaandika Mmiliki: Ngasa. Nikasema wabeja, asante ya kwetu, nikamalizia maziwa, nikarudi Bariadi nikijiona mtoto wa watu. Mgeni kutoka Dar angemkazania mzee mpaka ampe jina, angeonekana hana adabu lakini angeondoka nalo. Mimi adabu nilikuwa nayo tele, na kadi ikawa na uongo.

Msimu uliofuata programu ile ikanyamaza, na ilinyamaza wakati mbaya. Chanjo ya chambavu ilikuwa imekaribia. Kama hamjawahi kuiona chambavu, ni ndama wako mzuri asubuhi anaruka, jioni anachechemea na paja limevimba, kesho yake mnachimba shimo. Bwana mifugo alikuwa mmoja kwa vijiji vingi, na chupa ya chanjo ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Mfugaji akikosa zamu yake amekosa. Kaka yangu mdogo Masunga, tuliyezaliwa tumbo moja, naye mmoja wa wafugaji wa kikundi kile, alikuwa mbali malishoni na mitamba na ndama wake wote, kule ambako simu inashika mtandao ukipanda juu ya kichuguu. Kumpigia kulikuwa hakuwezekani. Ujumbe ungemsubiri mpaka apande.

Mkewe, wifi yangu Minza, akanipigia kutoka Ipililo. "Wifi, ujumbe wenu mbona hauji? Mume wangu hawezi kushuka na ng'ombe bila kujua siku. Tukikosa hii chanjo tumekwisha, wewe unajua hatuna kingine."

Nikafungua kadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Mmiliki: Ngasa. Nikampigia.

"Ipo hapa, mwanangu," akasema. "Imekaa kimya tu."

"Aliyeitengeneza ni nani, baba?"

"Kijana."

"Wa wapi?"

"Wa huko."

Nikaweka simu mezani. Ofisi nzima iliona nimekwama, na Nkwimba aliona zaidi ya wote, maana alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Twende kwake, dada," akasema. Njiani nilikuwa najiambia kwamba mtoto wa samaki huyu hajui kuongea na mzee wa ng'ombe, atamkwaza, na mimi nitalazimika kusuluhisha. Ndugu zangu, nililitamani hilo litokee, hata mitamba wa kaka niliwasahau kwa muda.

Alisalimia Kisukuma chake cha ziwani, akakaa kwenye kigoda, akasifia ndama mmoja mwenye doa jeupe usoni. Kisha akauliza, kama mtu asiye na shida yoyote, "Baba, hiki kitu kikiugua huwa unampelekea nani habari?"

Mzee Ngasa akajibu palepale. "Shemeji yangu wa Nyashimo. Nimeshampelekea. Naye anasema hajui aanzie wapi."

Mnaelewa alichofanya? Aliyewekewa ng'ombe hatangazi ni wa nani, lakini ng'ombe akiugua ni wajibu wake kupeleka habari kwa mwenyewe, na akifa anapeleka ngozi. Swali la umiliki linamfunga mtu mdomo. Swali la ugonjwa analijibu mbio, kwa sababu asipolijibu ataonekana mla mali ya watu. Nilijua hayo tangu nikiwa na meno ya utoto. Yalikuwa ya kwetu, ya baba yangu, ya zizi la nyuma ya nyumba tuliyolala. Na aliyeyatoa mfukoni siku hiyo ni binti wa dagaa mwenye kucha za zambarau, mimi nimekaa pembeni yake na kikombe cha maziwa.

Tukampigia huyo shemeji. Alikuwa mjane mfanyabiashara, ndiye aliyemwagiza kijana wa Mwanza atengeneze programu, na laini inayotuma ujumbe ilisajiliwa kwa alama ya kidole chake. Aliiweka kwa Ngasa kusudi shemeji zake wengine, ndugu wa marehemu, wasijue kwamba ana kitu. Nkwimba akamuuliza taratibu kama kuna ujumbe wowote wa ajabu aliowahi kupata kuhusu laini hiyo. "Ndiyo," akasema, "wamenitumia mara nyingi kwamba nikahakiki usajili. Nikajua ni matapeli, nikafuta." Laini ilikuwa imefungwa, basi. Mama yule alitembea mpaka kwa wakala hapo Nyashimo, akaweka kidole, na tulikuwa bado kwa Ngasa tunakula viazi wakati kompyuta ilipoanza kutuma.

Kaka alipanda kichuguu chake, akaukuta ujumbe, akashusha ng'ombe. Walichanjwa wote.

Kwenye gari nilishindwa kuvumilia. "Ulijuaje kumuuliza vile? Kwenu kuna ng'ombe?"

"Hakuna, dada. Kwetu mtumbwi ni wa huyu, injini ya yule, nyavu za mwingine, na wanaovua si hata mmoja wao. Ukiuliza mwenyewe nani, wanakuona mtu wa ushuru. Ukiuliza ukivuja anaitwa nani, wanakupeleka mpaka mlangoni."

Kwa hiyo hakuwa hata ameiba kwetu. Swali lile alitoka nalo kwao. Niliangalia dirishani hadi Bariadi, nikiwaza kwamba ningekuwa nimeuliza hivyo mimi, siku ile ya kwanza, leo jambo hilo lingeitwa la Holo.

Kesho yake kisanduku cha mmiliki kikatoka, kikaingia hicho mnachotaka kukifuta. Kwenye kadi ya chanjo kilikuwa na namba ya Ngasa, na nyuma yake namba nyingine isiyo na jina, na yule mjane akalala usingizi. Tukazunguka mkoa mzima kuwauliza watu upya. Waliokuwa wanatazama nje na kukohoa wakaanza kutaja namba hata kabla hatujakaa. Wakaja wageni wa mikoa mingine kujifunza, Nkwimba akasimama mbele kuwaeleza, na mimi nikapewa kazi ya kushika waya wa projekta, maana ulikuwa unalegea. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuuachia.

Mnadhani yaliishia hapo? Kaka yangu Masunga alikuja ofisini kushukuru. Nikavaa kitenge kipya. Akanipa mkono, akasema wabeja dada, kisha akamgeukia Nkwimba na kumwambia amemchagulia mtamba. Mtamba! Mimi niliyembeba mgongoni huyo Masunga sijawahi kupewa hata kondoo wake. Mtamba huyo bado analala Ipililo, amezaa na kuzaa tena, na kila nikienda kusalimia, wifi Minza ananionyesha: "Huyu wa Nkwimba, na huyu wa Nkwimba, na yule pale." Nimekwisha kumwambia wifi kwamba ng'ombe nawafahamu.

Nkwimba alipopata kazi Dodoma, alibaki na kadi nyingi ambazo watengenezaji wake walishahama au kuacha kabisa, na hazina wa kuitwa. Akaja mezani kwangu. "Dada, hizi niweke namba yako? Wewe ndiye utakayejua pa kuwaelekeza." Nikasema weka, kwa haraka, ili aondoke nikalie wivu wangu wa Dodoma kwa nafasi. Sikuuliza ni kadi ngapi.

Nilistaafu. Watoto wana maisha yao, majirani wana mashamba yao. Mtu akistaafu simu yake nayo inastaafu, mtaliona hilo wenyewe. Yangu haikustaafu. "Mama, programu ya maziwa imegoma." "Mama, ile ya mahudhurio imefuta majina." "Samahani, nimekuta namba yako kwenye saraka." Huwa naacha kupepeta mchele, navaa miwani, nawauliza kioo kinaandika nini. Wengine nawaelekeza kwa fundi, wengine tunamaliza hapohapo. Na kila nikikata simu huwa nakumbuka kwamba hata huku kuitwa kwangu kumepangwa na Nkwimba, na wivu unaanza upya.

Kwa hiyo msikifute. Visanduku vya mmiliki na leseni vya mfano mpya viwekeni, makao makuu wafurahi, lakini hicho kiacheni mahali pake, juu, panapoonekana bila kusogeza. Kikiondoka, mfugaji wa Ipililo atabaki na jina la mtu mwenye adabu asiyeweza kumsaidia. Na mimi nitabaki na simu isiyolia, na hilo nalisema bila aibu yoyote.

Jana, ujumbe wenu ukiwa bado haujajibiwa, alinipigia dada mmoja wa kikundi cha wakaushaji samaki Lamadi. Programu yao ya bei ilikuwa imekwama. Tuliitengeneza pamoja hatua kwa hatua, ikafunguka, akafurahi sana. Akaniambia kule kwao wote wanaitegemea saraka hii kwa sababu ya swali hilo moja, na kwamba aliyelifikiria alikuwa na akili ya ajabu.

"Ni wewe, mama?" akauliza.

Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa peke yangu barazani, naye yuko Lamadi, hanijui hata sura.

"Si mimi," nikamwambia. "Ni mtoto wa hapohapo kwenu. Anaitwa Nkwimba, andika nikutajie namba yake."